Damu Kwanza, Salamu Nyuma

Mukwe wangu, bwana ya mutoto wangu wa pili, anakaa Moba. Ni kijana ya adabu. Juzi alinipigia simu.

"Jambo, Mama."

"Nani anaumwa?"

Akajibu: "Hapana Mama, hakuna..."

"Tangu saa ngapi?"

"Mama, hakuna muntu anaumwa. Nilitaka tu kukusalimia."

"Aa! Basi salimia."

Mutoto wangu alikuwa pembeni yake. Nilisikia anacheka mpaka anakohoa. "Nilikwambia, bwana! Mama yangu haulizi habari ya nyumba, anauliza habari ya damu!"

Munisamehe tu. Kazi niliacha, nimewaachia wengine bluzi nyeupe na makasi na ule mulango ya maternite wenye kulia sawa paka, lakini simu ikilia, mwili wangu bado unasimama. Njo maana ninawaandikia nyinyi watoto munaosomea kazi hii hapa Kalemie, nyinyi wa stazhe, munaojifunza kazini, wenye bluzi bado inanuka duka. Munafundishwa mambo mingi kutushinda sisi. Munajua majina ya dawa ambayo mimi sikusikiaka. Lakini namna ya kupiga simu kwa mukubwa wakati muntu anakufa, hakuna muntu anawafundisha. Na namna ya mukubwa kupokea ile simu, bado zaidi.

Mimi ni Mama Feza, akusheze, muzalishaji. Nilisoma sekondari tu, nikatoka na diplome yangu, nikaingia maternite, na sikutoka tena mpaka nilianza kuzalisha watoto wa wale niliowazalisha mimi mwenyewe. Uvumilivu sina. Mama yangu alisemaka nilizaliwa akusheze hajanawa mikono. Kwa hiyo nikikata maneno katikati, mujue ni tabia, si hasira.

Basi. Munajua namna tunasalimiana huku kwetu. Huwezi kukutana na muntu mukubwa na kumwambia shida yako sawa unatupa jiwe. Unamuuliza kama aliamuka. Unauliza mama wa nyumba, watoto, wagonjwa, wasafiri. Yeye anauliza wako. Kisha munanyamaza kidogo, munaangalia chini, njo unasema: "Haya, Papa, kuna kamaneno." Ni vizuri. Ni malezi. Lakini damu haikulelewa, wanangu. Damu haingoji.

Dokta wetu mukubwa alikuwa Dokta Ilunga. Mikono yake ilikuwa mizuri sana, naapa. Tumbo lenye alishona yeye, nyuma ya mwaka mumoja unatafuta alama huioni. Lakini alipenda heshima sawa vile wengine wanapenda sukari. Kulikuwa na infirmye mumoja, muuguzi kijana, Fidele, muntu mufupi wa kukimbia. Siku moja alimupigia simu: "Dokta, kuja mbio, mutoto anapumua mubaya." Basi, hivyo tu. Dokta akakuja, akatunza mutoto, mutoto akapona. Kisha akamugeukia Fidele mbele yetu wote, na mbele ya wagonjwa.

"Wewe, kwenu munaamuka bila kusalimiana? Mimi na wewe tulichunga mbuzi pamoja?"

Fidele akaangalia viatu vyake.

Dokta hakuandika sheria kwenye ukuta. Aligombeza muntu mumoja, mara moja, na hospitali muzima ikasikia. Munaelewa? Mukubwa wa kazi hana haja ya kugombeza kila muntu. Anagombeza mumoja tu, wengine wote wanajifundisha wenyewe kufunga kinywa. Tangu ile siku, hata fundi wa jenereta akimupigia Dokta, anaanza na habari ya watoto.

Mwenye kujua kusalimia kutushinda wote alikuwa Mama Tabu, mukubwa wetu wa maternite. Mama munene, wa kutembea polepole, alilelewa Moba kwa masista. Yeye njo alinifundisha kazi. Vitabu viliniambia kupima njia ya mutoto kwa vidole. Mama Tabu aliniambia kuangalia miguu. "Feza, muzazi akianza kukunja vidole vya miguu, acha chai yako. Mutoto yuko mulangoni." Na ni kweli, chai nyingi niliziacha. Alinifundisha kunyamaza pia, lakini hiyo sikushika. Kila mara aliniambia: "Wewe Feza unasema sawa muntu anayefukuza kuku." Yeye alisalimia mpaka chai ya muntu inapoa. Simu ya maternite ilikuwa kasimu kadogo ka kifuniko kilichofungwa na sparadra ya vidonda, na mayuniti ya kupigia tunayotiamo asubuhi, Mama Tabu akimusalimia muntu mumoja, yamekwisha.

Tena tulikuwa na ugonjwa mwingine, sisi wote: neno "kidogo." Nyinyi pia muko nao, ninawasikia. Mugonjwa anachomeka moto, tunasema ana homa kidogo. Amezimia, tunasema amelegea kidogo. Siku moja nilimusikia mulinzi wetu anaeleza familia: "Papa yenu amekufa kidogo." Hatutaki kuogopesha muntu. Hatutaki kuonekana tunapiga kelele bure. Basi tunapunguza, na yule anayesikia naye anapunguza tena, na mwisho hakuna kitu kinabaki.

Sasa niwapeleke kwenye ile siku.

Ilikuwa siku ya Mungu. Kwenye gardi, zamu ya siku ile, tulikuwa Mama Tabu na mimi. Asubuhi, wakati kengele za misa zinalia, tulizalisha mwanamuke mumoja jina lake Sifa, kijana bado, mutoto wake wa pili. Familia yake ilikimbia vita, wanakaa Katanika, kule kwa wakimbizi. Akazaa musichana muzuri wa mashavu. Kondo ya nyuma ikatoka, tukaigeuza, tukaiangalia, tukasema imetoka yote. Mama yake Sifa alikuwa pale wa kumulinda, mama mwembamba, wa maneno machache, na beseni yake ya plastiki. Kila mara tukipita, kitanda ni safi. Kikwembe, ile nguo alitandikiwa Sifa chini, ni safi. Mama Tabu anauliza, "Mwanangu, unaendeleaje?" Sifa anajibu, "Muzuri, Mama. Ni usingizi kidogo tu." Tunapita. Tunafurahi. Tunasema, angalia namna huyu mama anatunza mutoto wake, si sawa wengine.

Mchana nikatoka nyuma ya nyumba kumwaga maji. Kamba ya nguo ilikuwa imejaa vikwembe. Mwanzo mpaka mwisho. Vimefuliwa, viko vinatonyesha maji, upepo wa ziwa unavipiga. Yule mama wa Sifa ameinama kwenye beseni, anafua kingine.

"Mama, munafua wangapi leo?"

"Niko peke yangu."

"Vyote hivi ni vya nani?"

"Ni vya Sifa."

Maji ya beseni yalikuwa nyekundu, watoto wangu. Hayakuwa maji tena.

"Mama! Juu ya nini hukutuita?"

Akanyanyua macho, akaogopa. "Nilifua mbio, muntu asione damu ya mutoto wangu. Tena musiseme watu wa Katanika tuko wachafu."

Nilitupa ndoo, nikaingia ndani. Sifa alikuwa analala, lakini ule haukuwa usingizi. Midomo nyeupe, mikono baridi. Nikashika tumbo. Nyuma ya kuzaa, tumbo la uzazi linapaswa kukaza, ulisikie chini ya mukono ngumu sawa kichwa cha mutoto. Hili lilikuwa laini sawa bukari, ugali yenye mulitia maji mingi. Nikakanda, madonge ya damu yakatoka, nikaita, "Mama Tabu! Mama Tabu!"

Alikuja mbio, na munajua nimesema alikuwa wa kutembea polepole. Tukamupa shindano, dawa ya sindano ya kukaza tumbo. Tukatia perfizyo, yale maji ya mushipa. Tukatoa mikojo, juu kibofu kikijaa tumbo halikazi, hiyo mushike. Tumbo likakaza, likalegea. Likakaza tena, likalegea. Kuna kitu kilibaki mule ndani, na ile ni kazi ya Dokta, chumba cha operasyo, na damu ya kumuongezea. Mimi niko ninakanda, ngumi moja ndani, mukono mwingine juu. Mama Tabu akachukua simu.

Ile simu ilikuwa na sauti sawa redio, nilisikia yote.

"Jambo, Papa Dokta."

"Jambo, Mama Tabu."

"Muliamukaje?"

"Tuliamuka salama. Na nyinyi?"

"Salama, kwa neema ya Mungu. Mama yuko?"

"Yuko, aksanti."

"Na bibi-arusi wetu? Wakwe walifika?"

Juu ile siku ilikuwa dote ya mutoto wa kwanza wa Dokta. Wakwe walikuja na mashua kutoka Moba, kuleta mahari.

"Wamefika. Tuko tunaanza sasa."

"Mungu asifiwe. Muwasalimie sana."

"Watapata."

"Mama Tabu!" mimi ninalia. Damu iko inapita kwenye kiko cha mukono wangu. Akaninyoshea kidole: ngoja.

"Papa Dokta, munisamehe kuwasumbua siku ya furaha. Huku tuko na kamama kamoja, kanatoka damu kidogo."

"Mulimupa shindano?"

"Tulimupa."

"Basi muendelee kumuangalia. Nitapita jio..."

Simu ikakufa. Mayuniti yamekwisha.

Mama Tabu akaangalia ile simu sawa imemutukana. "Amesema atapita jioni."

"Jioni tutamuonyesha maiti!"

Aliniangalia. Aliangalia kitanda. Sijaonaka uso wa mukubwa wangu ukianguka vile. Kisha akavua saa yake, akavaa ganti za mikono, akapanda magoti kwenye kitanda, kitanda kikalia.

"Toa mukono, niweke wangu. Wewe uko na miguu. Kimbia." Nikafika mulangoni, akaniita tena. "Feza! Ukifika kule, usiseme sawa mimi. Sema sawa vile unasemaka. Sawa muntu anayefukuza kuku."

Nje nikamukamata motari wa kwanza na pikipiki yake. "Mama, jambo, habari ya..." "Endesha!" Tukavuka daraja ya Lukuga, mvua inaanza kutona, bluzi yangu nyekundu mpaka kwenye kiko, watu wanasimama njiani kuniangalia.

Kwa Dokta, walitandika shitingi, turubai kubwa, kwenye kiwanja. Upande huu familia ya mwanamuke, upande ule wakwe, katikati mikeka, mafungu ya nguo, mbuzi wamefungwa. Mwenye maneno wa wakwe, musemaji wao, alikuwa amesimama. Munawajua hao watu: methali kumi mbele ya kuomba maji. Muzee murefu, kofia, fimbo. Akanizuiza na ile fimbo.

"Mama, hapa ni maneno ya wazee. Unapiga kwanza makofi. Unasalimia upande wa mwanamuke, kisha upande wa mwanaume, kisha unasema nani amekutuma."

Nikapitisha kichwa chini ya fimbo.

"Dokta! Sifa, alizaa asubuhi! Damu haisimami, tumbo halikazi, shindano imepita, midomo nyeupe! Anakufa! Tunataka mukono wako, saa hii, na damu!"

Mwenye maneno akauliza watu wote, na sauti nzuri ya kusikitika: "Huyu mama, hakuna muntu alimulea?"

Nilimuona Dokta Ilunga kwenye kiti chake, na shati yake ya kitenge cha sikukuu, na uso ule ule wa siku ya Fidele. Baba wa bibi-arusi haachi kiti chake. Akiacha, ni matusi kwa wakwe. Nikasema ndani ya roho, Feza, kazi yako imekwisha, na yule mutoto wa watu naye amekwisha. Lakini macho yake yakashuka kwenye mikono yangu. Damu ilikuwa bado haijakauka.

Akasimama. "Wazee, munisamehe," akasema, na hakumaliza. Viti vikaanguka. Tulipanda watatu kwenye ile pikipiki: motari, Dokta katikati, mimi nyuma ninamushika tumbo sawa mutoto. Mwenye maneno akaita motari mwingine, akatufuata na fimbo yake, anapiga kelele kwamba maneno hayajakatwa, baba wa musichana anatoroka.

Tulimukuta Mama Tabu bado juu ya kitanda, mukono ndani, jasho linamutona kwenye pua, anamwambia yule mama: "Ita jina lake. Usiache kuita jina lake." Na yule mama anaita, "Sifa, Sifa, Sifa," polepole, sawa anamuimbia mutoto. Mwenye maneno alipoingia na kuona, fimbo ikamuanguka. Akaulizwa: "Papa, damu yako tunaweza kuipima?" Wakaipima, ikafaa. Tukamuingiza Sifa kwenye chumba cha operasyo, muzee akalala kitanda cha pembeni amenyoosha mukono, na naamini ni mara moja tu maishani mwake alikaa kimya.

Dokta alitoa kipande cha kondo kilichobaki, kadogo, hakafiki hata kidole gumba. Sifa alipona. Vuteni pumzi, alipona kabisa. Ile chumba nitairudia, kuna kitu nimekiacha mule. Lakini kwanza niwaambie ya kesho yake, juu ile njo kazi yenyewe.

Kesho yake asubuhi, nyuma ya maombi, tuko wote kwenye raporo, mukutano wa wafanyakazi. Mimi ninangoja nigombezwe. Kusema kweli ninangoja Mama Tabu agombezwe pia, na zaidi, juu hasira yangu ilikuwa bado moto. Dokta akakaa kwenye kona ya meza.

"Mama Tabu, simama. Ile simu ya jana, irudie yote. Sauti yako na sauti yangu."

Mama Tabu akasimama, akairudia. Alijua kuiga, yule mama! Akatia sauti munene ya Dokta: "Tuliamuka salama. Na nyinyi?" Watu wakacheka. Akafika kwa wakwe kutoka Moba, wakacheka zaidi. Dokta hakucheka.

"Mama Feza. Wakati tulikuwa kwenye maneno ya wakwe, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na ngumi yangu ndani ya Sifa, Dokta."

"Na damu?"

"Iko inatoka."

Kicheko kikakufa.

"Endelea, Mama Tabu."

Akaendelea mpaka "kidogo." Mpaka "nitapita jioni." Ile sasa aliisema na sauti yake mwenyewe, na hakukaa.

Dokta akasema: "Mama Tabu hakukosea kitu. Alifanya sawa vile nilimufundisha." Akaangalia watu. "Fidele yuko wapi?"

Fidele alikuwa nyuma ya kabati, anajifanya kupanga sindano.

"Fidele, ile siku ya mutoto wa kupumua. Wewe ulikuwa na haki, mimi nilikuwa na cheo. Unisamehe."

Watoto wangu, sikuwa nimeonaka dokta kumuomba infirmye musamaha, na mbele ya watu. Fidele akaweka sindano chini, akasema: "Aksanti, Dokta. Eee... mama wa nyumba yuko?"

Tulicheka mpaka wagonjwa wakakuja kuangalia kwenye dirisha.

Njo pale sheria ilizaliwa, na Mama Tabu mwenyewe njo aliipa maneno: damu kwanza, salamu nyuma. Ukipiga simu, unasema mugonjwa ni nani, unaona nini, tangu lini, umefanya nini, unataka nini. Unataka nini, hiyo musiiache! Wengi wanaeleza vizuri, kisha wanangoja mukubwa akisie. Na anayepokea anarudia yale alisikia mbele ya kukata. Na "kidogo" tuliifukuza. Ukisema "anatoka damu kidogo," muntu anakuuliza palepale: "Kikombe ao beseni?" Mpaka leo, jirani wangu akisema mvua inanyesha kidogo, ninamuuliza kikombe ao beseni.

Musidhani ilikuwa rahisi kwa Dokta. Siku chache nyuma ya ile raporo, mumoja wetu alimupigia katikati ya chakula, damu kwanza, bila jambo wala nini. Akakuja anakimbia. Haikuwa kitu, mama alikuwa muzima kabisa, ni sisi tulihofu. Tukasimama kwenye ukuta tunangoja radi. Aliangalia mugonjwa, akavua ganti, akasema, "Aksanti kuniita." Akarudi kwa bukari yake. Mimi ninaona sheria ilishika ile siku, si siku ya raporo. Muntu akiitwa bure na akasema aksanti, utamuita tena. Akiitwa bure na akakunja uso, mara ingine utangoja uhakika, na uhakika unafikaka pamoja na jeneza.

Wakwe je? Waliondoa mbuzi moja kwenye mahari, faini ya kuvunjiwa maneno. Mwenye maneno alijaribu kuwatuliza, hawakusikia. Dokta kila akikutana na mimi kwenye kolidoo alisema, "Mama Feza, uko na mbuzi yangu."

Na vikwembe. Mimi nilitaka tupige marufuku: hakuna kufua! Nilikuwa tayari kubandika karatasi kwenye mulango. Mama Tabu akaniuliza, polepole, wakati tunakunja nguo: "Ile asubuhi, yule mama wa Sifa, ulimusalimia?"

"Nilimwambia jambo."

"Jambo tu?"

"Mama Tabu, nilikuwa na kazi!"

"Mimi pia nilimuambia jambo tu. Hatukuuliza alilala wapi, alikuja na nani, alikula nini. Tungemusalimia vizuri, angetuambia mwenyewe: nimechoka, tangu asubuhi ninafua tu."

Karatasi yangu sikuibandika. Basi mushike yote mawili. Kwa wenzako wa kazi, damu kwanza. Kwa mugonjwa na watu wake, salamu kwanza, na salamu ndefu, na kaa chini, juu watu wetu wanaweka shida mwisho kabisa, wakati umeshika mulango unatoka. "Tena, Mama, kuna kitu kingine..." Hicho kingine njo ugonjwa. Mama Tabu hakukataza kufua. Alileta ndoo ya kifuniko, moja kwa kila kitanda. Kikwembe kinaingia mule, akusheze anafungua, anaona, kisha kinafuliwa. Hakuna muntu wa njiani anaona damu ya mutoto wa muntu. Aibu ya mama yule haikuwa ujinga, haikuwa kitu cha kufukuza na karatasi.

Sasa nirudi kwenye ile chumba.

Dokta ametoa kile kipande. Mama Tabu ana mukono juu ya tumbo la Sifa. Tunangoja. Mvua imeanguka sasa, inapiga mabati, hatusikilizani. Mama Tabu anafunga macho, sawa muntu anayesikiliza mulangoni kama kuna watu ndani. Kisha anasema, "Limekaza." Hatukumuamini. Tukatia kikwembe kipya chini ya Sifa, cheupe, na sisi wote tukakiangalia. Dokta, mimi, na yule mama kwenye mulango na mutoto mikononi. Tunaangalia ile nguo sawa tunaangalia sufuria. Ikabaki nyeupe. Ikabaki nyeupe tena. Sifa akageuza kichwa, akaomba maji.

Nikamuangalia Dokta. Ile shati yake ya kitenge imeharibika kabisa. Nikasema, sasa njo sasa. Sasa atapasuka.

Akamugeukia Mama Tabu, mikono bado na ganti.

"Mama Tabu."

"Dokta."

"Muliamukaje?"

Hakuelewa. Aliniangalia mimi, akaangalia Dokta. Kisha akaelewa, akajinyoosha.

"Tuliamuka salama, Papa Dokta," akasema. "Na nyinyi?"

"Salama. Papa wa nyumba yuko?"

"Yuko. Muguu unamuuma, lakini yuko."

"Na watoto?"

"Wako, wanasoma."

"Na yule musichana wenu wa Moba?"

"Alizaa, Papa. Mutoto wa kiume."

"Mungu asifiwe." Akageukia mulango. "Na wewe, Mama? Habari ya Katanika? Mulilala?"

Na yule mama wa maneno machache akaanza kumujibu, moja moja, nani alilala, nani anakohoa, hema gani lilitoboka, na kutoka kitanda cha pembeni mwenye maneno, na sindano mukononi, akaitikia, "Eee, ni vile, Mama, ni vile." Wakasalimiana. Wakaulizana mpaka wajukuu. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na beseni ya kumwaga, mikono inaniuma, kazi inaningojea, na sikuwaharakisha.